Kabla ya Kumlipa Fundi: Kupima Kompresheni na Kufunga Plagi kwenye Injini Iliyofunguliwa

Minada ya korosho ikishaanza Oktoba na fedha zikaanza kuwafikia wakulima kupitia vyama vyao vya msingi, gereji za Masasi na Newala hubadilika sura. Pikipiki zilizoegeshwa miezi kadhaa kwa sababu injini imekufa huletwa zikisukumwa. Bloku zinapelekwa kuchongwa, pistoni na ringi mpya zinanunuliwa, na baada ya siku chache mwenye chombo anapigiwa simu aje achukue mali yake.

Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo wasomaji hawachoki kuliuliza. Pikipiki inawaka, lakini kiki ni nyepesi, mlima wa kupandia Newala inaumaliza kwa gia ya kwanza, na plagi inatoka nyeusi kila baada ya siku mbili. Fundi ana jibu moja: "Itazoea, bosi." Je, aaminiwe?

Aaminiwe nusu. Kuna vitu kwenye injini mpya vinavyozoea kweli, na kuna vingine ambavyo havijawahi kuzoea tangu injini zianze kutengenezwa. Kinachotenganisha makundi hayo mawili ni geji ya kompresheni, kifaa kinachotosha mfukoni na ambacho mafundi wengi wa pikipiki hawana, au wanacho lakini hakifai kwa kazi yenyewe.

Kinachozoea na kisichozoea

Ringi zinazoea. Bloku ikichongwa vizuri hubaki na michirizi midogo iliyopishana, na ringi mpya zinahitaji kilomita mia kadhaa za kusuguana nayo ndipo zikae sawasawa na kuta. Katika kipindi hicho kompresheni hupanda taratibu na moshi wa oili hupungua. Hapo fundi ana haki ya kuomba subira.

Haya hayazoei:

- valvu isiyokaa vizuri kwenye kiti chake baada ya kusagwa kwa haraka;
- gasketi ya hedi iliyotumika mara ya pili, au hedi iliyopinda;
- tapeti iliyobanwa hadi valvu haifungi kabisa;
- ringi iliyovunjika wakati pistoni inaingizwa kwenye bloku;
- bloku iliyochongwa kubwa kuliko pistoni iliyonunuliwa.

Kwa valvu, subira ina hasara. Moshi wa moto unaopenya pembeni mwa valvu ya egzosi huila kingo zake, na kazi ya kusaga upya inageuka kuwa kazi ya kununua valvu na kiti.

Geji ya gari ni mtego

Hapa pana makosa mengi kuliko mahali pengine, kwa hiyo panahitaji maelezo marefu.

Geji nyingi madukani zimetengenezwa kwa ajili ya magari. Zinakuja na mpira mrefu na kichwa cha uzi wa milimita 14. Pikipiki nyingi zinazofanya kazi ya bodaboda hutumia plagi za uzi wa milimita 10 au 12. Fundi analazimika kutafuta kiunganishi, au anaegemeza ncha ya mpira kwenye tundu na kuibana kwa mkono huku mwenzake akipiga kiki. Namba inayotoka hapo ni bahati nasibu.

Hata ikiingia vizuri, kuna jambo la valvu ndogo ya geji, ile inayofanana na ya tairi. Kazi yake ni kuzuia upepo usirudi. Kwenye geji nzuri ya injini ndogo, valvu hiyo iko mwishoni kabisa, pale uzi unapoingia kwenye hedi. Kwenye geji mbovu iko juu, karibu na saa, na mpira wote unakuwa sehemu ya injini.

Hesabu yake ni hii. Injini ya sisi (cc) 150 yenye uwiano wa mbano wa 9 kwa 1 huwa na nafasi ya karibu sisi 19 juu ya pistoni ikiwa imefika juu kabisa. Mpira wa sentimita 30 wenye tundu la milimita 8 unabeba sisi 15. Ukiuongeza humo, uwiano unashuka kutoka 9 hadi chini kidogo ya 5 na nusu. Injini nzima itaonekana imekufa, na mtu atalipishwa pistoni ya pili bure. Kwenye gari lenye silinda ya sisi 375, mpira huo huo unaharibu kipimo kwa kiasi kidogo zaidi, ndiyo maana fundi wa magari anaweza kuapa kwamba geji yake ni nzuri, na akawa anasema kweli.

Ukinunua, angalia mambo matatu: valvu iko mwishoni, kuna vichwa vya milimita 10, 12 na 14, na kila kichwa kina pete ya mpira isiyopasuka. Geji ikiandikwa bar badala ya psi isikutishe. Bar 1 ni psi 14.5, hivyo bar 10 ni psi 145.

Kabla geji haijaguswa

Kompresheni haipimwi kwenye injini ambayo bado haijakamilika. Hakikisha kwanza:

1. Nati za hedi zimekazwa kwa kupishana kona kwa kona, kwa awamu, mpaka kiwango cha kitabu cha injini hiyo.
2. Tapeti zimesetiwa injini ikiwa ya baridi, kwa fila geji. Honda CG125, ambayo injini nyingi za Kichina zimeigwa kwake, huseti milimita 0.08. Injini nyingine ndogo nyingi huangukia kati ya 0.05 na 0.10. Anayeseti kwa kutikisa kwa vidole na kusikiliza anabahatisha, na akikosea kwa kubana, geji itaisingizia hedi.
3. Oili imejazwa, na kiki zimepigwa swichi ikiwa imezimwa mpaka oili ionekane imefika juu kwenye tapeti.
4. Filta ya hewa ni safi na imefungwa mahali pake.

Kisha usafi. Udongo wa uwanda wa Makonde ni mchanga mwekundu laini, na kwenye barabara ya vumbi unajaa kila kona ya hedi, hasa kile kishimo plagi inamokaa. Legeza plagi mzunguko mmoja tu, halafu puliza kishimo kwa upepo au brashi kavu, ndipo uitoe. Chembe chache za mchanga zikidondoka juu ya pistoni mpya, michirizi itakayochongwa kwenye bloku haitakuwa ya mashine tena.

Kupima, hatua kwa hatua

Zima swichi, funga koki ya mafuta. Chomeka plagi kwenye kepu yake na uiegemeze kwenye chuma cha injini, mbali na tundu, au chomoa waya mdogo unaoingia kwenye koili. Waya wa plagi ukiachwa ukining'inia hewani huku injini inazungushwa, umeme hutafuta njia yake mwenyewe: unaweza kuharibu koili au CDI, na ukikutana na mvuke wa petroli utawasha moto.

Baadhi ya injini za Bajaj zina plagi mbili. Toa moja, nyingine iache imekazwa.

Ingiza geji kwa mkono hadi pete ya mpira ikae. Usitumie spana. Kisha fungua choki, na uzungushe aksilereta mpaka mwisho na uishikilie hapo. Hatua hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Aksilereta ikifungwa, kabureta inaziba hewa, silinda inavuta hewa kidogo, na geji inasoma kidogo. Injini ya psi 150 inaweza kuonekana ina 90 kwa sababu tu mkono wa mtu haukuwa pale.

Piga kiki kwa nguvu na kwa mwendo kamili, mara tano hadi nane, mpaka sindano iache kupanda. Andika namba mbili: ya kiki ya kwanza na ya mwisho. Achia upepo, rudia. Vipimo vitatu vikipishana kwa psi 5 tu, kipimo kinaaminika. Vikitawanyika, kasoro iko kwenye geji, kwenye pete ya mpira au kwenye mguu wa mpigaji.

Stata ya betri ni bora kuliko mguu, betri ikiwa na chaji. Betri dhaifu inazungusha injini polepole na kushusha namba.

Namba zinasema nini

Kitabu cha injini yako ndicho hakimu. Ukikosa kitabu, injini nyingi za pikipiki za silinda moja zikiwa nzima husoma kati ya psi 120 na 180. Injini iliyofungwa leo asubuhi, ringi zikiwa hazijakaa, inaweza kuanza chini kidogo ya hapo na isiwe na kasoro.

Tazama pia namba inavyopanda. Kiki ya kwanza ikirusha sindano zaidi ya nusu ya namba ya mwisho, mwanzo ni mzuri. Ikianza chini na kupanda polepole kila kiki, ringi hazijashika. Ikianza chini na kugoma hapo hapo, shuku valvu au gasketi.

Namba kubwa kupita kiasi nayo ina habari yake: hedi iliyokwanguliwa sana, gasketi ya chini ya bloku iliyosahaulika, au oili iliyojaa juu ya pistoni. Kiki itakuwa ngumu, mwenye chombo atafurahi, na injini itaanza kunoki ikipandisha mlima na mzigo.

Kuna jambo moja la eneo hili linalozua ugomvi usio na sababu. Newala ipo juu ya uwanda, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Masasi ipo chini yake, na Mtwara mjini ni pwani kabisa. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito, na silinda inabana hewa pungufu. Injini iliyosoma psi 150 Mtwara itasoma karibu 140 Newala, ile ile, siku ile ile. Mtu aliyechongewa bloku Mtwara akapewa namba, kisha akapima nyumbani na kukuta 10 zimepungua, asirudi na panga. Kati ya Masasi na Newala tofauti ni ndogo zaidi, psi chache tu.

Injini nyingine zina kifaa kinachofungua valvu ya egzosi kidogo wakati wa kuwasha ili kiki iwe nyepesi. Hizo husoma chini kwa makusudi ya mtengenezaji. Uliza kabla ya kuhukumu.

Oili kidogo, na kidogo kweli

Namba ikiwa chini, kipimo cha pili ni cha oili. Inamiminwa kidogo kupitia tundu la plagi, injini inazungushwa mara mbili tatu ili isambae, kisha inapimwa tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba pale ringi zinapovuja. Isipopanda, uvujaji uko juu: valvu au gasketi ya hedi.

Mafundi walioanzia kwenye magari humimina kijiko cha chai, yaani mililita 5. Kwenye pikipiki kipimo hicho kinadanganya. Rudi kwenye ile nafasi ya sisi 19. Ukiweka sisi 5 za oili zinabaki 14, na uwiano unaruka kutoka 9 hadi karibu 12 kwa 1. Namba itapanda hata kama ringi ni nzima, na kosa la hedi litahamishiwa kwenye bloku. Ndivyo mtu anavyonunua pistoni na ringi mara ya pili huku valvu inaendelea kuvuja.

Nunua bomba la sindano la mililita 2 duka la dawa. Mililita moja hadi moja na nusu inatosha kwa injini ya sisi 150. Kwa ya sisi 100, moja.

Upepo wa fundi pancha

Asiye na geji, au ambaye geji imemwacha njia panda, atafute jirani mwenye kompresa ya kujazia tairi. Njia hii haitoi namba, lakini inaonyesha kwa sauti mahali upepo unapotokea.

Zungusha injini hadi pistoni ifike juu kabisa kwenye mbano, alama ya T ikielekea alama yake, na tapeti zote mbili zikiwa na uhuru. Weka gia ya juu na mtu akanyage breki ya nyuma kwa uzito wake wote, kwa sababu upepo utataka kuisukuma pistoni chini. Mguu na mkono vikae mbali na kiki. Ingiza upepo kidogo kidogo kupitia kichwa cha geji kilichotolewa valvu yake, psi 30 hadi 40 zinatosha. Kisha sikiliza:

- kwenye egzosi: valvu ya egzosi inavuja;
- kwenye mdomo wa kabureta: valvu ya kuingizia;
- kwenye tundu la kujazia oili: ringi au bloku;
- mapovu ya maji ya sabuni kwenye ungio la hedi: gasketi.

Mlio mwembamba kwenye tundu la oili ni wa kawaida kwa ringi mpya. Mlio kwenye egzosi hauna utetezi. Hedi irudi kusagwa, na fundi aisage bila malipo mapya.

Plagi: urefu kwanza, jina baadaye

Injini ikishapita kipimo, ndipo ifungwe plagi mpya. Kosa kubwa hapa ni kununua kwa kulinganisha uzi peke yake.

Chukua plagi mbili za NGK, C7HSA na CR7E. Zote zina uzi wa milimita 10, na zote hufunguliwa kwa spana ya 16. Zinaingia kwenye tundu moja bila kulazimishwa. Lakini ya kwanza ina uzi wenye urefu wa milimita 12.7 na ya pili milimita 19. Ukifunga ndefu kwenye hedi ya fupi, milimita 6 za chuma zinaning'inia ndani, na pistoni au valvu inaweza kuzigonga kiki ya kwanza. Ukifunga fupi kwenye hedi ya ndefu, cheche inatokea ndani ya shimo, injini inavuta vibaya, na masizi yanajaa kwenye uzi uliobaki wazi. Siku plagi sahihi itakapoingizwa itakwama katikati.

Kwa hiyo, nenda dukani na plagi ya zamani, lakini tu kama una hakika nayo ndiyo ya asili. Herufi za mwanzo za NGK husema uzi: B ni milimita 14, D ni 12, C ni 10. Herufi E baada ya namba ni urefu wa 19, H ni 12.7. D8EA inayoonekana kwenye injini nyingi za aina ya CG ni uzi wa 12 na urefu wa 19.

Namba ya katikati ni ya joto, na ina mtego wake. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume: ikipanda, ya moto zaidi. Muuzaji anayesema "hii 7 ni sawa na ile 7" kati ya makampuni mawili hajui anachouza. Na plagi ya moto kupita kiasi kwenye injini mpya, ambayo tayari inazalisha joto la msuguano, inaweza kutoboa pistoni.

Plagi za bandia zipo. Dalili zake ni maandishi yanayofutika kwa kidole, ncha ya katikati iliyokaa upande, uzi wenye mikwaruzo, na pete ya chuma inayodondoka yenyewe ukiitikisa. Angalia pia kile kinati cha kichwani. Kepu nyingi za pikipiki zinataka uzi mtupu, kwa hiyo kinati kinatolewa. Kikiachwa, kepu haishuki mpaka mwisho na pikipiki inamisi, kisha kabureta ndiyo inayofunguliwa.

Pima mwanya hata kama plagi imetoka kwenye boksi. Pikipiki nyingi za kabureta hutaka milimita 0.6 hadi 0.7. Kurekebisha, pinda ncha ya pembeni tu. Ya katikati usiiguse, wala usiitumie kama egemeo, kauri ndani yake itapasuka bila wewe kuona.

Kukaza

Hedi ni ya alumini na plagi ni ya chuma. Zikigombana, hedi ndiyo inayoharibika.

1. Injini iwe ya baridi.
2. Chukua kipande cha mpira wa petroli, kivishe juu ya kauri ya plagi, na uanzishe uzi kwa kuuzungusha mpira. Uzi ukiingia upande, mpira utateleza mkononi kabla haujaharibu chochote. Spana haina huruma hiyo.
3. Zungusha hadi pete iguse hedi.
4. Sasa spana: nusu mzunguko kwa plagi mpya, ili pete yake isagike na kuziba. Plagi ya zamani inayorudishwa, ambayo pete imeshalala, ni moja ya kumi na mbili ya mzunguko, kama mshale wa saa unavyosogea kutoka 12 hadi 1.

Mwenye spana ya kipimo aweke Nm 10 hadi 12 kwa uzi wa milimita 10, 15 hadi 20 kwa 12, na 25 hadi 30 kwa 14. Tazama tofauti hiyo: nguvu ya kawaida kwa plagi ya gari inaikata plagi ya Boxer ndogo.

Usipake grisi wala oili kwenye uzi. Inaufanya uteleze, mkono unadhani plagi bado imelegea, na kukaza kunapitiliza. Uzi wa hedi ukishaliwa, dawa ni kuvalisha uzi mpya kwa mashine, hedi ikiwa imefunguliwa ili vumbi la chuma lisiangukie kwenye bloku. Gundi na uzi wa katani uliozungushiwa plagi, kama inavyoonekana hapa na pale, hutoka kwa kishindo siku moja pikipiki ikiwa na abiria.

Mashine ya kupulizia salfa

Wakulima wa korosho wana swali lao, na kwao msimu ni mwingine. Ugonjwa wa ubwiriunga unapoanza kushambulia machipukizi na maua baada ya mvua kwisha, mashine za kupulizia za kubeba mgongoni hutolewa stoo, na nyingi zimeshafunguliwa na kufungwa upya.

Injini hizo ni za mizunguko miwili, hazina tapeti wala valvu za hedi. Kupima ni kule kule, ila kwa kuvuta kamba mara sita hadi nane, aksilereta ikiwa wazi. Nzima husoma kati ya psi 100 na 150. Chini ya 90 huwaka ikiwa ya baridi na kugoma ikishapata moto katikati ya shamba.

Lakini kwa injini hizi geji haioni kila kitu. Sili za krenki zikivuja, kompresheni inabaki nzuri huku hewa ya ziada ikiingia chini, mchanganyiko unakuwa mwepesi na pistoni inachemka. Dalili ni injini kupandisha mzunguko yenyewe na plagi kutoka nyeupe. Anayefunga pistoni mpya bila kubadilisha sili ameacha kazi nusu.

Mchanganyiko wa oili ufuate kibandiko cha mashine. Kwa 1:25 ni mililita 40 kwa lita ya petroli, kwa 1:50 ni 20. Kifuniko cha soda kinachotumika mashambani hakijawahi kupimwa na mtu.

Na onyo moja lisilo na mjadala: unga wa salfa unawaka, na ukitimka hewani unaweza kulipuka. Usijaribu cheche ya plagi kwenye mashine ambayo tangi lake bado lina salfa, wala ndani ya stoo ilimohifadhiwa mifuko. Mwaga salfa, puliza mashine mpaka ibaki safi, ihamishie uwanjani.

"Lakini..."

*Fundi wangu anaziba tundu kwa kidole gumba, na anajua.* Kidole kinatambua kama mbano upo au haupo. Hakiwezi kutofautisha 95 na 135, na ugomvi wote uko hapo katikati.

*Kiki ni ngumu, basi kompresheni ipo.* Inaweza kuwa pistoni imebana kwenye bloku iliyochongwa ndogo. Toa plagi, zungusha tena. Ikiendelea kuwa ngumu bila plagi, usiiwashe kabisa.

*Plagi imetoka nyeusi siku ya pili, si tayari imeharibika?* Angalia weusi wake. Weusi mkavu kama masizi ya kibatari ni mafuta mengi: choki, filta au kabureta. Weusi wenye majimaji ni oili, na kwa kilomita mia chache za mwanzo unavumilika ukipungua. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo inayotafutwa. Nyeupe yenye vipele ni joto, simamisha chombo. Na usiisome plagi baada ya injini kunguruma imesimama. Endesha kilomita kadhaa na mzigo, kata moto ukiwa bado kwenye mwendo, kisha ifungue.

*Fundi atakasirika nikija na geji.* Fundi mwenye kazi safi huipenda, kwa kuwa inamkinga na mteja anayerudi baada ya mwezi akidai kila kitu.

Kilomita 500 za kwanza

Usiitembeze kwa mwendo mmoja mrefu, wala usiibebeshe magunia mawili kwenye kilima wiki ya kwanza. Panda na kushuka kwa aksilereta, kwa nguvu za wastani, kwa sababu ringi zinahitaji shinikizo kidogo ili zikae. Kuibembeleza mno nako kunaziacha ziteleze bila kushika. Oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa kuwa imebeba unga wa chuma. Seti tapeti tena injini ikiwa imepoa.

Kisha pima upya kwa geji ile ile, mahali pale pale, injini ikiwa ya baridi kama mara ya kwanza. Andika kwenye kipande cha gundi ya karatasi ndani ya kava la pembeni: mahali, tarehe, kilomita, namba. Ikiwa ilianza 112 na sasa ni 138, mlipe fundi salio lake. Ikiwa imebaki 112, rudi kwenye mililita moja ya oili na upepo wa fundi pancha kabla mtu yeyote hajagusa bloku. Ikiwa imeshuka, fungua hedi kwanza, ukianzia kwenye valvu ya egzosi.